Uzamivu wa jiografia ya maumbile: hesabu misimu kabla ya kuandika swali

Anayefanya uzamivu wa historia akikuta chumba cha nyaraka kimefungwa, atarudi Jumatatu. Wewe unayesoma mito, miteremko, pwani, udongo, barafu au hali ya hewa, ukizikosa mvua za mwaka huu umezikosa. Zitakuja nyingine baada ya miezi kumi na miwili, na hazitakuwa zilezile. Wanafunzi wengi niliowaona wakichelewa kumaliza hawakuwa wavivu wala hawakukosa akili. Waliandika swali zuri ambalo kalenda haikuweza kulibeba. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kalenda.

Hatua ya 1: Chora miezi yote kwenye karatasi moja

Vyuo vingi hutoa miaka mitatu au minne kwa mwanafunzi wa muda wote. Chora kila mwezi kama kisanduku. Futa miezi ya mwanzo, kwa sababu italiwa na kusoma, kuandika pendekezo, kulitetea mbele ya kamati na kufuatilia vibali. Futa mwaka wa mwisho, huo ni wa kuandika. Katikati utabakiwa na miezi kumi na minane, pengine ishirini na minne, na ndani yake misimu miwili ya kile unachokifuata: mvua, kuyeyuka kwa barafu, dhoruba za pwani, upepo wa kiangazi. Msimu wa kwanza utautumia kujifunza makosa yako. Una msimu mmoja, basi.

Na huo mmoja unaweza kuwa wa ajabu. El Niño hurudi kila baada ya miaka miwili hadi saba, na ikiangukia mwaka wako utapima mto ambao si wa kawaida, kisha mtahini atakuuliza kama matokeo yako yanahusu mto huo au mwaka huo.

Dawa yake ni kulisimamisha swali kwenye miguu miwili. Mguu mmoja ni vipimo vyako vya uwandani. Mwingine ni kumbukumbu ambazo zipo tayari, hata mvua isiponyesha. Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972, zile za ukali wa mita 30 (yaani kila nukta ya picha ni mita 30 ardhini) tangu 1982. Setilaiti za Sentinel-2 zinatoa picha za ukali wa mita 10 tangu 2015. Makadirio ya mvua ya CHIRPS yanaanza 1981. Vyote hivi ni bure. Ongeza rekodi za vituo vya maji, picha za zamani za ndege, mashapo (mchanga na tope lililobebwa na maji) yaliyolala chini ya ziwa. Mguu mmoja ukivunjika, tasnifu haianguki.

Hatua ya 2: Punguza swali mpaka mtu aweze kukosea

Mada yangu ya kwanza ilihusu athari za mabadiliko ya tabianchi kwa mito midogo. Msimamizi aliisoma akaniuliza: "Ukimaliza kazi hii, ni nani atakuwa amekosea?" Sikuwa na jibu. Mada ilikuwa pana kiasi kwamba matokeo yoyote yangeiridhisha, na matokeo yoyote yakiiridhisha basi haijauliza kitu.

Chukua mfano. Mto unabeba mashapo mengi kuliko zamani. Badala ya kuandika "sababu za ongezeko la mashapo", orodhesha maelezo yanayoshindana: udongo wa juu wa mashamba, kingo za mto zinazobomoka, makorongo mapya, barabara za vumbi. Kisha kwa kila moja jiulize ungeona nini kama ndilo la kweli. Udongo wa juu, kwa mfano, umeshika sesiamu-137, elementi yenye mionzi iliyoanguka kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, ilhali udongo wa chini kabisa kwenye ukingo hauna au unayo kidogo mno. Mashapo ya mto yakikosa sesiamu, mashamba yanaanza kuachiliwa huru na kingo zinaingia kizimbani. (Tahadhari: nusu ya sesiamu hiyo hupotea kila miaka 30 hivi, na kusini mwa dunia ilianguka kidogo kuliko kaskazini. Uliza maabara kama kiasi kilichobaki kwenye eneo lako bado kinapimika kabla hujajenga sura nzima juu yake.)

Mwanajiolojia wa Marekani Thomas Chamberlin alishaonya mwaka 1890 kwamba mtafiti mwenye nadharia tete moja huipenda kama mzazi ampendavyo mwanawe, na hataki kusikia ubaya wake. Zaa watoto wanne basi, uwaache wagombane.

Taja pia kipimo cha muda. Watafiti wa maumbo ya ardhi Schumm na Lichty walionyesha mwaka 1965 kwamba kitu kilekile kinaweza kuwa sababu kwa kipimo kimoja cha wakati na matokeo kwa kingine. Ndani ya wiki moja umbo la mkondo ndilo linaloamua maji yapiteje. Ndani ya karne, maji na mashapo ndiyo yanayolichonga umbo hilo. Nimeona vikao vya kamati vikiteketea saa nzima kwa ubishi ambao chanzo chake ni mmoja kufikiria wiki na mwenzake karne.

Hatua ya 3: Chagua msimamizi kwa kusoma tasnifu za wanafunzi wake

Orodha ya makala zake itakuonyesha jinsi anavyofanya kazi yeye. Tasnifu alizosimamia zitakuonyesha jinsi anavyowafanyia kazi wengine. Soma mbili, hasa kurasa za shukrani na sura ya mbinu. Kisha watafute wahusika uwaulize mambo matatu: rasimu ilirudi baada ya muda gani, je, aliwahi kufika uwandani kwao, na mambo yalipoharibika alifanya nini. Hilo la tatu ndilo zito.

Mtu mmoja hatoshi. Kama msimamizi mkuu ni bingwa wa miteremko na wewe utatumia takwimu nzito au kupima umri wa mashapo, omba msimamizi wa pili mwenye ujuzi huo tangu mwanzo. Kumwingiza mwaka wa tatu ni kumwomba akafukue makosa yaliyokwisha kuzikwa.

Katika kila kikao, tuma kurasa mbili siku tatu kabla, na uweke juu kabisa swali unalotaka lijibiwe. Usiandike "naomba maoni yako". Andika kitu cha namna hii:

"Profesa, nina vituo sita na nguvu za kutosha kwa vinne. Napendekeza kuacha cha pili na cha tano kwa sababu vinapokea maji ya kijito kilekile. Naomba uamuzi wako kabla sijafunga vifaa."

Jioni ya siku hiyohiyo, mwandikie mlichokubaliana, mistari mitano tu. Si kwamba humwamini. Baada ya miezi minane nyote wawili mtakumbuka kikao kile kwa namna tofauti, na mwenye maandishi hana haja ya kubishana.

Hatua ya 4: Pendekezo la utafiti

Kila chuo kina muundo wake, ufuate. Nyongeza yangu ni jedwali moja ambalo mara nyingi halidaiwi: safu ya kwanza swali, ya pili kitakachopimwa, ya tatu mara ngapi, ya nne ukubwa wa kosa unaotarajiwa, ya tano mabadiliko madogo kabisa utakayoweza kuyatambua. Safu ya tano ikiwa kubwa kuliko jambo unalolitafuta, acha, rudi hatua ya 2.

Vibali viombwe mapema kuliko unavyodhani. Kuingia hifadhini, kurusha ndege isiyo na rubani, kuchukua sampuli na kuzisafirisha nje ya nchi ni vibali vinne tofauti vyenye ofisi nne tofauti.

Hatua ya 5: Jaribu kila kitu kabla ya msimu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoungulia.

Kifaa changu cha kurekodi kina cha maji kilikuwa cha aina inayopima mgandamizo chini ya mto. Nilikifunga vizuri ndani ya bomba, nikalifunga bomba kwenye nguzo ya chuma, nikaondoka na furaha yangu. Baada ya wiki sita nilifungua data nikaona muujiza: kijito kilikuwa kinapanda na kushuka mara mbili kila siku, sentimita mbili tatu, kama bahari. Niliandika aya nzima kuhusu mimea ya kingoni inayonyonya maji mchana. Msimamizi akasoma aya ile, akaandika pembeni maneno matatu: "Barometa iko wapi?"

Kifaa cha namna ile hupima maji pamoja na hewa iliyo juu ya maji. Hektopaskali moja ya mgandamizo wa hewa ni sawa na takriban sentimita moja ya maji, na katika nchi za joto hewa ina mdundo wake wa kila siku: mgandamizo hupanda karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka katikati. Nilikuwa nimerekodi pumzi ya anga nikaiita mto. Ilinipasa kuwa na kifaa cha pili juu ya maji, kining'inie kivulini, kisha kutoa kimoja kwa kingine. Kwa bahati, kituo cha hali ya hewa kilichokuwa karibu kilikuwa na rekodi za mgandamizo, nikaokoa sehemu kubwa.

Kwa hiyo, wiki mbili kabla ya msimu, weka vifaa vyote kwenye ndoo ya maji nyumbani. Inua maji sentimita kumi kwa rula, uone kama kifaa kinasema kumi. Linganisha saa za vifaa vyote. Kisha nenda uwandani upime kitu kimoja mara kumi mfululizo. Tofauti kati ya vipimo hivyo kumi ndiyo kosa lako halisi, si lile lililoandikwa kwenye kijitabu cha kiwanda.

Kwa kupima kiasi cha maji yanayopita, utaratibu ni huu. Vuta kamba toka ukingo hadi ukingo. Gawa upana katika vipande 20 au zaidi, pasiwe na kipande kinachobeba zaidi ya asilimia 10 ya maji yote. Vipande viwe vyembamba pale maji yanapokimbia. Kwenye kina kisichofika sentimita 75 hivi, shusha kipima kasi hadi sehemu 0.6 ya kina ukihesabu kutoka juu. Kina kikizidi hapo, pima kwenye 0.2 na 0.8 uchukue wastani. Zidisha kasi kwa kina kwa upana wa kila kipande, jumlisha. Na maji yakifika juu ya mapaja yakiwa na kasi, toka. Tumia daraja au acha kabisa; utaratibu huo haukuandikwa kwa mtu anayesombwa.

Hatua ya 6: Uwandani, andika kama vile mtu mwingine ndiye atakayemalizia kazi

Penseli, si kalamu. Wino hukimbia ukilowa. Kila sampuli iwe na lebo mbili, moja nje ya mfuko na nyingine ndani. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi, siku, ili yajipange yenyewe. Piga picha zenye kitu cha kuonyesha ukubwa. Katika kila sampuli kumi, chukua moja mara mbili bila kuiambia maabara.

Andika mfumo wa majira ya nukta uliotumia, na hasa mwinuko umepimwa kutoka wapi. Vipokezi vya setilaiti hukokotoa urefu juu ya umbo la kihisabati la dunia. Ramani nyingi hutumia usawa wa bahari. Tofauti kati ya viwili hivyo huweza kupita mita 80, na kuna mahali duniani ambako hufika mia. Kwa anayesoma matuta ya kale ya pwani, hilo ni kosa la kumzamisha.

Hatua ya 7: Maabara

Ulizia foleni kabla ya kuchukua sampuli, maana majibu ya umri wa mashapo huweza kuchukua miezi mingi. Kukausha udongo kwa nyuzijoto 105 usiku kucha ni kazi rahisi. Kuunguza kwa nyuzijoto 550 ili kukadiria mabaki ya viumbe pia ni rahisi, ila udongo wenye mfinyanzi mwingi hupoteza hata maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, na uzito huo ukauhesabu kama mabaki ya mimea.

Kuhusu umri, jua kila mbinu inajibu swali gani. Kaboni-14, inayopungua kwa nusu kila miaka 5,730 hivi na kufika mwisho wa uwezo wake kwenye miaka 50,000, inakuambia mti ulikufa lini. Haikuambii mkaa wake ulifika lini kwenye tabaka hilo. Huenda ulikaa mlimani miaka elfu moja kabla ya kusombwa. Mbinu ya mwanga (luminescence) hupima mara ya mwisho chembe za mchanga zilipoona jua. Sampuli yake huchukuliwa kwa bomba lisilopitisha mwanga, na mtu mmoja mwenye udadisi akifunua kidogo aone kilichomo, saa ya mchanga imerudi sifuri.

Hatua ya 8: Kompyuta na ramani

Picha zilizopigwa na Landsat 7 baada ya 31 Mei 2003 zina mistari mitupu kwa sababu kifaa kimoja ndani yake kiliharibika. Usiijaze kwa kubahatisha bila kusema. Ramani za miinuko za SRTM, zilizopimwa kutoka angani Februari 2000, penye msitu huonyesha urefu ulio karibu na vilele vya miti kuliko ardhi. Usizitumie kupima korongo la mita mbili.

Ukitoa ramani moja ya mwinuko kwa nyingine ili kupata kiasi kilichomomonyoka, makosa yao hayafutani. Kila moja ikiwa na kosa la sentimita 10, zidisha kila kosa kwa lenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: unapata sentimita 14. Mmomonyoko wa sentimita 8 ulioupaka rangi nyekundu kwenye ramani haupo, au upo na wewe huwezi kuuona.

Kosa ninalolikuta zaidi katika rasimu za wanafunzi ni la kuhesabu sampuli. Mwanajiografia Waldo Tobler alisema mwaka 1970 kwamba vitu vyote vinahusiana, ila vilivyo karibu vinahusiana zaidi. Maana yake kwako ni kwamba sampuli 200 za mteremko mmoja si ushahidi 200 kuhusu miteremko. Kwa swali la kulinganisha miteremko ni ushahidi mmoja uliopimwa vizuri sana. Bora miteremko minane yenye sampuli kumi kumi. Hilo huamuliwa hatua ya 4, na takwimu za mwaka wa tatu haziwezi kulirekebisha.

Hatua ya 9: Kuandika

Sura ya mbinu iandikwe ukiwa bado na matope kwenye viatu. Kisha chora michoro yote ya matokeo, uipange mezani, umsimulie mwenzako hadithi yake kwa kunyoosha kidole tu. Pale unapokwama ndipo pana pengo. Utangulizi uje mwisho.

Baadhi ya vyuo hudai kitabu kimoja kizima, vingine hukubali makala tatu au nne zilizounganishwa. Ukichagua makala, kubalianeni mapema majina ya nani yatakuwepo na kwa mpangilio gani, kwa maandishi. Maoni ya msimamizi yaweke kwenye jedwali: alichosema, ulichofanya, ukurasa. Usipokubaliana naye, andika sababu kwenye safu ya pili. Wasimamizi wazuri hupenda kupingwa kwa hoja, na wale wasiopenda watakuwa wamekuonyesha jambo ambalo hatua ya 3 ingekuonyesha.

Hatua ya 10: Utetezi

Uingereza huwa ni chumba kilichofungwa, wewe na watahini wawili. Sweden ni hadharani, na kuna mpinzani rasmi anayeichambua kazi mbele ya watu. Popote ulipo, maswali hayatofautiani sana: kwa nini eneo hili, kosa la kipimo ni kiasi gani, ni maelezo gani mengine umeyakataa na kwa ushahidi upi, ungepewa msimu mwingine ungefanya nini. Ingia na madaftari ya uwandani. Mtahini akiuliza kuhusu kituo cha nne, kufungua ukurasa wa siku ile wenye alama ya tone la mvua kunajibu nusu ya swali.

Baada ya marekebisho, hifadhi data, skripti na maelezo yake mahali pa umma, kulingana na masharti ya waliokupa vibali. Rejesha mabaki ya sampuli au yapeleke yanakotakiwa kuhifadhiwa. Kisha rudi uwandani mara moja zaidi, ukiwa na ile ramani ya vituo, ung'oe nguzo, mabomba na pini za chuma ulizochomeka mteremkoni kupima mmomonyoko. Hesabu ulizong'oa, ulinganishe na idadi iliyoandikwa kwenye daftari la siku ya kwanza, kwa sababu watu hupita pale pekupeku.